Utazoea

Jumamosi ya mnada nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli nikisubiri gurudumu langu libandikwe kiraka. Nikaona vijana watatu wamejibanza nyuma ya mashine ya kusaga. Wawili nawafahamu, wanaendesha bodaboda. Wa tatu bado mdogo. Kola ya shati la shule ilikuwa inachungulia chini ya koti lake. Walikuwa na fegi moja, inazunguka kama kibuyu cha pombe. Ilipomfikia yule mdogo akaivuta kama alivyowaona wenzake, kwa nguvu, akaumeza moshi.

Hata sekunde haikupita. Alikohoa mpaka akashika magoti. Machozi yakamtoka, kamasi likachuruzika, mshipa wa shingo ukatuna. Wenzake wakacheka wakashikana mabega. Mmoja akampiga kofi la mgongoni, akamwambia neno moja tu: "Utazoea."

Neno hilo na mimi niliambiwa, mwaka 1970, nikiwa na miaka 17. Nikazoea kweli. Nilizoea kwa miaka 31. Ndiyo maana nimechukua kalamu niwaandikie, wajukuu zangu wa Tumati hapa Mbulu, ninyi mnaoniita Aako, babu yenu, na kuniamkia "shikamoo" huku mkono wenye sigara mmeuficha mgongoni. Moshi unapanda juu ya bega, mjukuu wangu. Unaonekana toka kwa fundi baiskeli.

Sikusudii kuwahubiria habari za kufa. Nilifanya kazi ya uganga wa zahanati muda mrefu, nikajifunza kwamba ukimwambia kijana wa miaka 16 kuwa sigara itamuua akifika 60, anaona umemwahidi maisha marefu. Mimi nataka tuzungumze habari ya kile kikohozi. Pale nyuma ya mashine, kati ya vitu vyote vilivyokuwepo, kikohozi ndicho pekee kilichokuwa na akili.

Tuanze na moshi wenyewe. Ncha ya sigara ikivutwa hupata joto la nyuzi 900 hivi. Tumbaku iliyochomwa kwa joto hilo huzaa kemikali zaidi ya 7,000, na mojawapo inaitwa akrolini. Hamlijui jina lake lakini yenyewe mnaijua: ni ule ukali unaopanda mafuta yakiungua kwenye kikaangio, kila aliye jikoni akafumba macho. Sasa chukua ukali huo, uuvute makusudi, uupitishe kooni.

Njia ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye mirija ya mapafu, imefunikwa na utando laini wenye majimaji. Ndani ya utando huo zimetandazwa ncha za mishipa ya fahamu, nyembamba kuliko uzi wa buibui, nazo zina vipokezi vinavyoonja kila kinachopita. Ukitaka kuvijua, nenda kachukue punje ya kitunguu saumu kibichi, hiki chetu cha Mbulu, uitafune bila ugali. Ule mwasho unaochoma ulimi ni kipokezi kimeguswa. Akrolini ya moshi inagusa kipokezi cha aina hiyohiyo, ila humo kooni na kifuani hakuna mate ya kuipoza. Kipo pia kipokezi jirani yake, ambacho kazi yake ni pilipili. Huyo naye nitamrudia.

Kipokezi kikiguswa, habari inapanda kwa mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kifuani hadi kwenye shina la ubongo, pale kisogoni. Huko hakuna kikao. Mwenye mwili haulizwi. Amri inashuka: vuta hewa ndani, fumba koo, kaza tumbo. Kwa nukta moja zoloto linajifunga kama mlango wa zizi, misuli ya tumbo na mbavu inaminya hewa iliyonaswa, halafu mlango unafunguliwa ghafla, hewa inatoka kwa kishindo na kukokota nje kila kisichotakiwa. Huko ndiko kukohoa. Mtoto mchanga anakuja nako duniani, hakuna anayemfundisha.

Kuna mengine mawili hutokea wakati huohuo, nayo hayasikiki. Mirija ya hewa inajibana, kama mtu anavyokunja shingo ya gunia ili mahindi yasimwagike. Kwa mwenye pumu mbano huo ndio unaomtoa mluzi kifuani. La pili, mwili hujaribu kusimamisha pumzi kabisa. Hili lilijulikana zamani. Mwaka 1870, mtafiti wa kule Vienna aitwaye Florian Kratschmer aliwapulizia sungura moshi wa tumbaku puani. Sungura wakafunga pumzi, na moyo ukapunguza mwendo. Mnyama hana cheo mbele ya wenzake wala hatafuti kusifiwa. Moshi ukimfikia puani anakataa kuvuta, basi. Miaka zaidi ya 150 baadaye tunajificha nyuma ya mashine ya kusaga tuoneshane kwamba tunaweza kumshinda sungura.

Halafu kuna wafagiaji. Utando wa mirija una vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, kila chembe moja ikiwa na vijinywele 200 hivi, na vyote hupiga kwa pamoja kuelekea juu, zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Juu yake kuna ute unaonata. Vumbi la barabara ya Dongobesh, makapi ya ngano wakati wa kupura, vijidudu, vyote vinanasa kwenye ute, na ute unasukumwa polepole hadi kooni, mtu akaumeza bila kujua. Kazi hiyo inafanyika mchana na usiku toka ulipozaliwa. Moshi wa sigara unavilevya vijinywele hivyo. Vinapunguza kasi, vinasimama, na moshi ukizidi kwa miaka vinakatika visiote. Wakati huohuo vitezi vya ute vinaona hatari, vinatoa ute maradufu. Kwa hiyo takataka zimeongezeka na wafagiaji wamelala. Hapo ndipo kinapozaliwa kile kikohozi kizito cha alfajiri mnachokisikia kwa wazee wavutaji hata kabla jogoo hajawika. Usiku mvutaji amelala saa saba, nane, hajavuta. Vijinywele vilivyobaki vinazinduka, vinaanza kusukuma. Asubuhi mzigo wa usiku kucha unafika kooni kwa mpigo. Na yeye anafanya nini? Anawasha sigara "ya kutuliza kikohozi". Kinatulia kweli. Ukimpiga mfagiaji rungu, ufagio hausikiki tena.

Sasa turudi kwenye "utazoea".

Vijana mnadhani kuzoea maana yake mwili umekomaa, umekuwa wa kiume. Sivyo. Ncha za mishipa ya fahamu zikichomwa kila siku hupoteza ukali. Watafiti wamewapima wavutaji kwa kuwavutisha mvuke wenye ukali wa pilipili, wakakuta inahitajika pilipili nyingi zaidi kuwakohoza kuliko watu wasiovuta. Mlinzi hajaridhika na mgeni. Mlinzi amekuwa kiziwi.

Mimi mwenyewe nilikuwa ushahidi, ila nilidhani ni sifa. Mke wangu alipokuwa akichoma pilipili kavu jikoni, watoto walikuwa wakitoka mbio wakikohoa hadi kwenye zizi. Mimi nilibaki nimekaa kigodani mwangu, nanyoosha miguu, nawacheka. Nilikuwa nikiwaambia wageni: "Mzee huyu kifua chake ni cha chuma." Kumbe ni kama mtu anayejisifu kwamba mkono wake hauungui, wakati umekufa ganzi.

Na wanaouza wanajua. Kwa nini, mnadhani, kuna sigara zenye mentoli, zile zinazopoza koo kama pipi ya mnanaa? Mentoli inagusa vipokezi vya baridi, ubongo unadhani umepata upepo wa Julai, na ule mwasho unafunikwa. Moshi ni uleule, akrolini ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mlinzi amepewa chai getini ili asipige filimbi. Ndiyo maana wengi wanaoanza huvutiwa na hizo. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku Mei 2020. Hapa kwetu kijana ananunua moja moja dukani, na mwenye duka, ambaye sheria ya mwaka 2003 inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, anampa na kiberiti juu.

Nikiwafikiria majirani zetu Wahadzabe wa Yaeda Chini, naona angalau wao hawadanganyi. Nimewahi kukaa nao. Kiko chao ni cha jiwe. Mtu anavuta mkupuo mmoja mkubwa, kisha anakohoa kwa nguvu zake zote, anatikisika mwili mzima, na wenzake wanaendelea na mazungumzo. Hakuna anayeona aibu. Sisemi tumbaku yao haiwadhuru. Mapafu hayana kabila. Nasema wao hawajageuza kunyamazisha kikohozi kuwa jando.

Mtaniuliza: mbona bibi hajawahi kushika sigara na kifua chake kinakoroma? Swali zuri, na jibu lake linanisikitisha. Bibi amepika kwa kuni miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha, ng'ombe upande mmoja, mafiga upande mwingine. Moshi wa kuni nao una akrolini, nao unavilevya vijinywele. Vipokezi havijui kusoma pakiti. Lakini bibi hakuchagua. Alikuwa anakupikia wewe. Kama unamhurumia, mtengenezee jiko lenye bomba la kutolea moshi, kisha hiyo hela ya fegi ununulie bati. Kuhusu yule mzee wa ng'ambo ya bonde aliyevuta mpaka akafika miaka 90, sina la kusema. Yupo pia mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti asivunjike, na sijaona mnapanda miti mkajiachia.

Niwaambie la migodini Mererani, maana wengi wenu ndiko mnakoelekea shamba likikataa. Alikuwapo kijana wa jirani, mwanaapolo, alikaa migodini miaka minne. Chini kule vumbi la jiwe ni kali kama vioo vilivyosagwa, na wakipanda juu kitu cha kwanza ni sigara. Alirudi nyumbani amekonda, anakohoa. Nikamuuliza. Akacheka: "Fegi tu hizi, Aako." Mwezi wa kwanza fegi tu. Mwezi wa pili fegi tu. Mama yake naye akawa anawaambia watu ni fegi. Mwezi wa nne alitema damu theluthi ya kikombe, na kikombe hicho nilikishika mimi. Ilikuwa kifua kikuu, juu ya mapafu ambayo vumbi lilikwisha kuyatia makovu. Kifua kikuu kina dawa, ya bure, miezi sita mtu anapona. Makovu ya vumbi la jiwe hayana dawa hata ukipelekwa hospitali ya Kibong'oto. Zahanati zote za nchi hii zinawaambia watu kwamba kikohozi cha wiki mbili kikapimwe. Mvutaji anasikia tangazo hilo kama linamhusu mwingine, kwa sababu yeye anakohoa mwaka mzima. Amekuwa kama mwenye mbwa anayebweka bila sababu kila usiku. Siku fisi anapokuja kweli, mwenye nyumba anajifunika blanketi.

Nami sikuwa na mdomo wa kumkaripia kijana yule. Miaka ile nilikuwa nimeshaacha, lakini kabla yake nilivuta nikiwa kazini. Nilikuwa natoka nyuma ya jengo, napiga pafu mbili tatu, nasukutua maji, narudi kusikiliza vifua vya watoto. Siku moja mwanzoni mwa 2001 mama mmoja Mbarbaig alikuja na mtoto wa mwaka mmoja anayehema kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Nikamwinamia nikiwa na kipimo masikioni. Mtoto akageuza uso, akakohoa, akafunga pumzi kidogo. Nikasogea tena. Akageuza tena. Mama akanitazama vidole, akanitazama usoni, kisha akamvuta mtoto taratibu kuelekea kifuani mwake, kama unavyomwondoa mtoto karibu na moto. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyekuwa moshi. Nilimaliza kumpima nikiwa nimenyoosha mkono mbali na mwili wangu, nikimtibu kwa aibu.

Sasa neno kwa wale mnaokimbia. Hapa kwetu si mahali pa kuchezea pumzi. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu. Mexico mwaka 1968, kwenye mji ulio juu ya mita 2,200, alianguka akaumia goti, akamaliza marathoni akiwa wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, na dunia ikamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia. Filbert Bayi wa Karatu, enzi hizo Karatu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, aliongoza mwanzo hadi mwisho mbio za mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Na Desemba 2022, Gabriel Geay, mtoto wa Manyara hii hii, alikimbia marathoni ya Valencia kwa saa 2 na dakika 3.

Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Damu inaipenda hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo kila pafu linachukua viti ndani ya damu ambavyo oksijeni ingekalia. Mtu wa pwani anaweza asihisi upesi. Wewe unapanda milima ya huku, ambako hewa ni nyepesi tangu kuumbwa kwake. Huna viti vya kugawa. Tena mapafu hayajamaliza kukua ukiwa na miaka 16. Yanaendelea mpaka baada ya 20. Anayeanza kuvuta mapema anayadumaza kabla hayajafika kimo chake, kama mahindi yaliyokosa mvua yakiwa magotini: hata ikinyesha baadaye, bua ni fupi.

Niliacha wiki ileile ya yule mama. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Siku nne za mwanzo arosto ilinifanya nimkaripie kila mtu, hadi ng'ombe. Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde kumi, ishirini tu, na ubongo uliozoea kuhudumiwa haraka hivyo hauombi, unadai. Wiki ya tatu nikaanza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta, makohozi meusi meusi, nikaogopa, nikataka kurudia ili "kitulie". Mimi mganga! Kumbe wafagiaji walikuwa wanaamka na kuanza kutoa taka za miaka 31. Nikavumilia. Baada ya miezi kadhaa asubuhi zikawa kimya. Mwendo wa kupanda mlima haukurudi wote. Sehemu ya mapafu iliyoharibika haioti tena, na hadi leo wajukuu wananisubiri njiani.

Ila kuna jioni moja ya mwaka huohuo nadhani sitaisahau. Mvua ilikuwa inanyesha, nimekaa kigodani mwangu jikoni, mahali palepale. Mke wangu akaweka pilipili kavu juu ya kikaango. Sikuwa na habari. Ghafla koo likanikaba, kifua kikabana, machozi yakatoka, nikakohoa mpaka kigoda kikapinduka. Nikatoka mbio kwenye mvua, nikakuta watoto wetu wawili wadogo wameshatangulia chini ya upenu wa zizi, wanakohoa na wao. Tukasimama pale watatu, tunapangusa macho. Mke wangu akatokeza mlangoni na kikombe cha maji, akanitazama muda mrefu kabla hajacheka.

"Leo," akasema, "umekimbia na watoto."